Waya Uende Wapi? Historia Fupi ya Antena ya Boti ya Rimoti

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, watoto huchonga boti kwa kandambili zilizochakaa. Ongeza mota ndogo, betri na kipokezi cha redio, na tayari unayo boti ya rimoti. Linabaki swali moja ambalo watu wengi hulipuuza: ule waya wa kipokezi uupitishe wapi? Swali hili lina zaidi ya miaka 120, na majibu yake yamebadilika zaidi ya mara moja.

Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu boti ya chuma yenye urefu wa mita moja na ushee, ikielea kwenye bwawa ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ilikata kona na kuwasha taa bila uzi wowote kuifunga kwa mwendeshaji. Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huohuo. Ndani kulikuwa na kichupa chenye chembechembe za metali. Wimbi la redio likifika, chembe zinashikana na umeme unapita. Shida ni kwamba zikishashikana haziachiani zenyewe, kwa hiyo Tesla aliweka mtambo wa kukigeuza kichupa kila baada ya amri. Kama unavyogeuza kopo la chumvi iliyoganda, yaani. Na waya? Upande mmoja ulisimama juu ya boti, upande wa pili ukaungana na chuma kinachogusa maji. Maji ndiyo yaliyokuwa ardhi yake.

Zamani hizo redio zilitumia mawimbi marefu, ya mamia ya mita hata maelfu, na wimbi refu hudai waya mrefu. Ndiyo maana kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani pale Bukoba kilihitaji mnara mrefu. Waingereza waliona kinawadhuru kiasi cha kupakia askari kwenye meli kutoka Kisumu, wakavuka ziwa na kuushambulia mji Juni 1915. Kukiharibu kituo hicho ndilo lilikuwa lengo lao kuu. Mnara namna ile hauwezi kukaa kwenye boti ya kuchezea.

Mafundi wa boti ndogo walihamia megahezi 27. Piga hesabu mwenyewe: 300 gawa kwa 27, unapata wimbi la mita 11 hivi, na robo yake ni karibu mita 2.8. Bado ni refu mno kwa boti ya nusu mita, kwa hiyo watengenezaji waliweka waya mfupi zaidi na kufidia upungufu kwa koili ndani ya kipokezi. Hapo ndipo ulipotoka ule mwiko wa zamani: usiukate waya wala kuuviringisha, kwa sababu kipokezi kimepimwa pamoja nao. Watu waliupitisha kwenye mrija wa plastiki uliosimama, au wakaufunga kwenye mlingoti.

Leo rimoti nyingi zinatumia gigahezi 2.4. Wimbi ni sentimita 12.5, robo yake kama sentimita 3. Ile ncha fupi iliyovuliwa ganda mwishoni mwa waya ndiyo antena yenyewe. Sehemu iliyobaki ni njia tu ya kupitisha mawimbi. Ukiikunja chini ya betri ukadhani umepanga vizuri, umeiziba. Vipokezi vingi huja na ncha mbili: zipange kwa pembe ya nyuzi 90, ili boti ikigeuka au kulala upande, moja iendelee kusikia.

Lakini kipya hakikushinda kila mahali. Wanaotengeneza nyambizi ndogo wameng'ang'ania masafa ya zamani, kama megahezi 40 na 75. Maji hunyonya haraka mawimbi ya gigahezi 2.4, ila mawimbi ya zamani hupenya maji baridi kwa kina cha kuchezea. Baharini hata hayo yanakwama, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mno. Kwa nyambizi, basi, Ziwa Victoria ni rafiki kuliko bahari ya Tanga!

Mambo haya si mchezo tu. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka, na tope likafunika makazi na mashamba ya vijiji jirani. Mabwawa ya aina hiyo hupimwa kina mara kwa mara, na duniani kazi hiyo sasa hufanywa pia na boti ndogo za rimoti zenye kipima kina, ili mtu asielee juu ya tope.

Fikiria unaipeleka boti kama hiyo mbali. Wimbi linaloakisiwa na uso wa maji hufika karibu sambamba na lile la moja kwa moja, na hayo mawili huelekea kufutana. Ukiwa mbali vya kutosha, kuinua antena mara mbili, tuseme kutoka sentimita 10 hadi 20, huongeza nguvu inayopokelewa mara nne. Kijiti cha mianzi na utepe wa gundi vinatosha. Chuma usitumie: kitazuia mawimbi upande mmoja, na boti itapotea ikigeuza mgongo.