Waliozikwa Sanga: watu wa Ziwa Kisale kabla ya wafalme

KAMINA – Samaki wakavu wanaoletwa kwa treni kutoka Bukama hadi Kamina huvuliwa kwenye maziwa na vinamasi vya Lualaba: Upemba, Kisale na mengine madogo. Uvuvi huo ni wa zamani sana. Ulianza kabla ya mfalme yeyote ambaye jina lake wazee wetu wanalitaja.

Masimulizi ya Waluba huanza na ushindi. Nkongolo Mwamba alitawala kwa ukali. Mwindaji Mbidi Kiluwe akafika kutoka mashariki. Mwanawe Kalala Ilunga akampindua Nkongolo na kuweka utawala mpya. Ukisikiliza hadithi hiyo peke yake unaweza kudhani kwamba kabla ya washindi nchi ilikuwa tupu, au ya watu wasio na mpango. Udongo wa Sanga unasema vingine.

Sanga iko kando ya Ziwa Kisale. Mwaka 1957 Mbelgiji Jacques Nenquin alianza kuchimba hapo na kukuta makaburi mengi. Mwaka uliofuata Jean Hiernaux aliendelea Sanga, na mwaka 1959 akachimba Katoto, karibu na Bukama. Walikuta vyungu vya aina tatu, wakadhani vilitumika karibu wakati mmoja. Pierre de Maret aliporudi mwaka 1974 na 1975, akachimba pia Kamilamba, Kikulu, Katongo na Malemba-Nkulu, ilionekana kwamba aina hizo zilifuatana, moja baada ya nyingine. Mfululizo wote unaanza kama karne ya 6 na kufika hadi nyakati za karibu, bila pengo kubwa. Wataalamu wengi leo wanaona kwamba hao wa zamani ndio mababu wa Waluba wa maziwa.

Kipindi kilicho tajiri zaidi ni kile kinachoitwa Kisale, kwa jina la ziwa, na kilistawi kati ya karne ya 10 na ya 13. Mfu alizikwa na vyungu vyake, na pengine ndoano, majembe, mikuki, bangili za shaba. Mtoto alipewa vyungu vidogo vinavyolingana na umri wake. Yaani mtu alikaa akafinyanga chungu kidogo kwa ajili ya mtoto aliyekufa, miaka elfu iliyopita.

Shaba haichimbwi ziwani. Ilitoka kusini, kwenye machimbo ya Katanga. Baadhi ya makaburi yana simbi za Bahari ya Hindi, iliyo mbali zaidi ya kilomita 1,000. Si lazima mtu wa Sanga awe aliwahi kuiona bahari. Simbi zilipita mkono kwa mkono.

Baadaye, kuanzia kama karne ya 14, vikaja vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Vya kwanza vilikuwa vikubwa. Kadiri miaka ilivyopita vikawa vidogo, vingi na vya kipimo kimoja, na hapo ndipo wachimbaji waliposema: hii sasa ni pesa. Marehemu walizikwa navyo mkononi, kifuani au kiunoni.

Lakini kwa habari ya ufalme, kaburi la Kamilamba lina uzito kuliko shaba yote. Ni la kati ya karne ya 8 na ya 10, na ndani yake kulikuwa na shoka lenye mpini uliopigiliwa misumari ya chuma, pamoja na fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Shoka la namna hiyo na vyombo vya mhunzi ni alama za mamlaka kwa Waluba hata leo. Kwa hiyo alama za ukubwa zilikuwapo ziwani karne nyingi kabla ya ufalme mkubwa kujulikana. Huenda washindi walizikuta huko, wakazichukua.

Nchi kavu ni chache kwenye vinamasi vile. Ndiyo maana vijiji vya leo vimesimama palepale pa zamani, na watu wanaishi juu ya makaburi. Familia zilizokimbia vita kutoka upande wa Malemba-Nkulu na Bukama zimeacha nyuma wafu wa jana na wa miaka elfu pamoja.

Vitu vilivyochimbwa vimegawanyika. Vingine viko Tervuren, Ubelgiji, vingine katika makumbusho ya Lubumbashi. Kwa mtu wa Kamina, Lubumbashi kuna reli. Tervuren kunataka viza.