Sauti ya Siti binti Saad na Lugha ya Wanyonge

Utamaduni hauko nje ya mapambano ya matabaka. Historia ya taarab ya Unguja inathibitisha ukweli huo.

Taarab ilistawi Unguja katika enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), ikiwa burudani ya jumba la mfalme iliyoimbwa kwa Kiarabu. Mkulima na mtumwa waliweza kusikia sauti. Maana haikuwa yao.

Siti binti Saad, mtoto wa wanyonge, alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akauza vyungu mjini. Hakupata elimu ya shule. Yeye na wenzake walichukua ala zile zile, udi na fidla, wakaimba kwa Kiswahili. Vina na mizani ya ushairi wetu vimejengwa kwa ajili ya sikio: kina humkumbusha msikilizaji mstari unaofuata, hata asiyejua kusoma akaubeba wimbo mzima. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na santuri zikaenea pwani ya Afrika Mashariki.

Hivyo wimbo ukawa gazeti la wasio na gazeti. “Kijiti” ulisimulia mauaji ya mwanamke na kuhoji haki ya mahakama ya wakoloni.

Hata hivyo, mitambo na santuri vilikuwa mali ya kampuni ya kigeni. Wananchi walikuwa na sauti. Chombo cha kuieneza hawakukimiliki.

Funzo kwa kada ni wazi. Siasa isiyozungumzwa kwa lugha ya umma, katika mahadhi yanayoshikika masikioni mwao, itabaki karatasini. Na umma usiomiliki vyombo vyake utaendelea kumtajirisha mwingine kwa sauti yake wenyewe.