Matayarisho ya Safari ya Mlimani: Kutoka Usambara hadi Kibo, 1888–1889



Historia ya kupandwa kwa Kilimanjaro husimuliwa kwa kawaida kama habari ya kamba, mashoka ya barafu na ushujaa wa Wazungu wawili. Leo napenda kuitazama kwa upande wa wapagazi wa Pwani, nikianzia milima ya Usambara.

Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann walitoka Pangani, wakapanda Usambara wakikusudia kufika Kilimanjaro. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani, na Pwani ikachafuka. Wapagazi walitoroka. Mabwana wao walikamatwa njiani wakirejea Pwani, wakatiwa minyororo, na hawakufunguliwa mpaka Abushiri bin Salim alipolipwa fidia ya rupia 10,000. Basi hawakushindwa na kimo cha mlima. Matayarisho yao yalihesabu mizigo, lakini hayakuwahesabu watu wa kuibeba wala nchi walimotoka.

Usambara ilikuwa na somo jingine, nalo ni baridi. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walifungua shamba la majaribio Kwai, Lushoto, kwa kuwa hewa ya huko ilifanana na ya kwao. Ubaridi uleule uliokuwa neema kwa mkulima wa Kizungu ulikuwa adha kwa mtu wa Pangani, aliyezoea joto na nguo nyepesi. Na Kwai ni mlango tu: kilele cha Kibo kina mita 5,895.

Meyer aliporudi mwaka 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, aliujenga mpango wake juu ya posho. Kituo kikuu kilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle. Juu yake kambi zilipangwa kwa ngazi, na wapagazi wakapandisha chakula mara kwa mara. Tarehe 3 Oktoba wapandaji walifika ukingoni mwa kasoko, wakarudi. Tarehe 6 wakafika kileleni. Pasipo chakula kambini, jaribio la pili lisingekuwapo. Katika kambi ya juu, yapata mita 4,300, aliyebaki akiwangoja katika baridi ile alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Selim bin Abakari, aliyefuatana na Dkt. Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, aliandika mwenyewe safari yake kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Mwini Amani hakupata bahati hiyo. Twamjua kwa kalamu ya Meyer.

Hivi leo mizigo ya wapagazi wa Kilimanjaro hupimwa langoni kabla ya kupanda. Ni hatua njema. Lakini historia hii yatudai tuulize pia mbebaji amevaa nini, atakula nini, na nani ataliandika jina lake.