Makuti

Kuti ni jani la mnazi, na watu wa pwani hawakuridhika kuliita kwa jina moja. Likisukwa kwa ajili ya ua ni kuti la kumba. Majani yake yakichambuliwa na kushonwa kwenye ufito, tayari kwa kuezekea, ni kuti la viungo. Na anayekaribia kupoteza cheo, tunasema amekalia kuti kavu.

Siku hizi neno limehamia kwenye matangazo ya hoteli, kana kwamba paa la makuti peke yake ni ushahidi wa kujali mazingira. Silikubali hilo. Makuti huweza kufunika jengo la zege linalomwaga majitaka baharini.

Tazama badala yake kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba zake 7 za wageni zimeezekwa makuti, lakini paa lina kazi ya pili. Kisiwa hakina maji baridi, kwa hiyo mvua inayoteremka juu ya makuti hukingwa, huchujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu. Maji yaliyokwisha kuogewa hupitishwa kwenye vitalu vya mimea. Vyoo ni vya mboji, umeme ni wa jua. Malipo ya wageni huwalipa walinzi wa matumbawe, baadhi yao wavuvi wa zamani, na kuwapeleka wanafunzi wa Zanzibar kuyaona matumbawe hayo kwa macho yao.