Bunduki ya Samaki: Nani Anachagua, Nani Anakamatwa

Mtu akitaka kuanza kuwinda samaki kwa kupiga mbizi, swali lake la kwanza huwa la dukani. Ninunue bunduki gani? Ya sentimita ngapi? Ya mbao ama ya alumini? Ni maswali ya haki kabisa, na majibu yake yapo. Lakini bunduki ya samaki haijafikisha hata miaka mia moja tangu iundwe, na katika muda huo mfupi imeishi maisha mawili. Kule ilikozaliwa ni mchezo wa watu wa likizo. Huku kwetu Pwani ilikuja kuwa kazi ya vijana wasio na mtumbwi, halafu ikawa kosa la jinai. Kwa hivyo Mkenya anayeuliza bunduki ya kwanza ni ipi, anauliza pia, hata kama hajui, ni nani anayeruhusiwa kuishika.

Mkuki wenyewe ni wa zamani mno. Pwani yetu pweza amewindwa kwa miguu tangu enzi, maji yakipwa, kwa fimbo yenye ncha ya chuma. Kilichokosekana ni macho. Binadamu akizama na macho makavu haoni kitu ila ukungu, na samaki huwezi kumlenga usipomwona.

Kwa Wazungu, macho hayo yalipatikana kusini mwa Ufaransa. Katika miaka ya 1930, Mmarekani mmoja aitwaye Guy Gilpatric, rubani wa zamani aliyekuwa akijilisha kwa kuandika hadithi za magazeti, alikuwa akiishi huko kwenye fukwe za Bahari ya Mediterania. Alichukua miwani yake ya urubani, akaziba matundu kwa puti, ile ya mafundi wa vioo vya madirisha, akapaka rangi juu, akaingia baharini na mkuki wa mkononi. Mwaka 1938 akatoa kitabu, The Compleat Goggler, kuhusu mchezo huo mpya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kijana kutoka Vienna aitwaye Hans Hass alikuwa amemkuta ufukweni akiwinda, na akashikwa na homa hiyo hiyo. Na karibu na Toulon mwaka 1936, afisa wa jeshi la majini aitwaye Jacques Cousteau alivaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza. Ndiyo, Cousteau yule wa filamu za bahari. Alianza kama mwindaji.

Angalia mpangilio: miwani kwanza, pumzi pili, silaha baadaye. Hao wote walijifunza kuona na kuzama kabla hawajashika bunduki yoyote. Mwanzaji wa leo hugeuza mambo, hununua bunduki kabla hajaweza kukaa chini ya maji kwa utulivu hata nusu dakika.

Bunduki zenyewe zilianza kuonekana mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930, na za mwanzo zilitumia springi. Springi na maji ya chumvi si marafiki. Inashika kutu, inapiga kelele, na kuibana ni kazi ya misuli. Mwaka 1947, Georges Beuchat wa Marseille alileta jibu lililodumu: bunduki ya mpira, aliyoipa jina Tarzan. Mpira unafungwa mbele ya mtutu, unavutwa nyuma hadi kwenye pengo la mshale, na ukivuta triga mshale unaachiliwa. Yaani ni manati. Ukiinyoosha manati na kuiwekea mshale badala ya jiwe, umepata bunduki ya samaki. Baadaye zilikuja za hewa iliyobanwa, na Durban kukatokea bunduki za Rob Allen zenye reli inayoushika mshale kwa urefu wote wa mtutu usijipinde, lakini wazo la mpira halijaondoka sokoni mpaka leo.

Na hapo ndipo ushauri wa dukani unapotoka. Mwanzaji huambiwa achukue bunduki ya mpira ya sentimita 75 hadi 90, yenye mpira mmoja. Sababu ni rahisi. Bunduki ya mpira mmoja haina cha kuharibika ambacho huwezi kukiona kwa macho na kukibadilisha kwa mkono. Urefu nao unafuata maji. Kama unaona mita tatu nne tu, bunduki ndefu ni mzigo: inageuka polepole, na samaki anatokea karibu kuliko ncha yako. Ndefu ni ya maji safi ya kina, ambako samaki anakaa mbali. Wengi hushangaa wakigundua kwamba mshale wa bunduki ya kuanzia unapiga kwa uhakika mita mbili tatu, basi. Kwa hivyo kinachomleta samaki si nguvu ya mpira. Ni kutulia kwako mpaka akusogelee mwenyewe.

Yaliyobaki ni ya kubaki hai. Bunduki haijazwi nje ya maji, hata kwa utani, na haielekezwi kwa mtu. Usipumue haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa: unachofanya ni kupunguza kaboni dioksidi mwilini, ile inayokupa hamu ya kupumua, na unaweza kuzirai chini bila onyo lolote. Ndiyo maana wawindaji huzama wawili, mmoja chini, mwingine juu akimtazama.

Sasa turudi nyumbani. Kama bunduki ni manati iliyonyooshwa, basi mtoto yeyote aliyewahi kutengeneza manati anaweza kuitengeneza. Ndivyo ilivyokuwa Pwani. Kipande cha mti, mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari, fito ya chuma iliyonolewa ncha, na miwani. Wavuvi huiita bunduki tu. Ukilinganisha na zana nyingine, utaelewa mvuto wake. Nyavu ni pesa. Mtumbwi ni pesa nyingi zaidi. Malema yanataka ujuzi wa kusuka na wa kujua pa kuyatega. Bunduki inataka mapafu.

Utafiti wa mwanasayansi Joshua Cinner, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wavuvi wa nchi kadhaa za upande huu wa Bahari ya Hindi, Kenya ikiwemo, uliweka hilo kwa takwimu. Wanaotumia zana zinazoitwa haribifu, bunduki na majuya, walikuwa vijana zaidi, maskini zaidi, na wasio na mtaji wa uvuvi. Kumbe zana hizo hukaa kwa mtu ambaye hana nyingine.

Kufikia hapo sheria ilikuwa imeshasema. Mnamo Novemba 2001, tangazo namba 7565 katika Gazeti Rasmi la Serikali lilipiga marufuku bunduki za samaki pamoja na majuya ya kukokota. Na tusiseme serikali iliota. Mshale ukikosa samaki unagonga matumbawe, na mwindaji anayemfuata samaki mwambani huyakanyaga na kuyavunja. Pono, ambaye hukwangua mwani usiyafunike matumbawe, anadungwa kirahisi. Bunduki inaweza kuchagua samaki kuliko wavu wowote, kwa sababu unamwona kabla ya kufyatua. Lakini kijana mwenye njaa nyumbani hachagui. Anadunga kilichopita.

Linganisha na kule ilikozaliwa. Katika Mediterania, samaki aliyetamaniwa kuliko wote alikuwa tewa mkubwa wa mapangoni. Tewa huyo huanza maisha akiwa jike, na baadhi hugeuka dume wakishakuwa wakubwa. Kwa hivyo ukiwadunga wakubwa peke yao, unamaliza madume. Wafaransa walipoona anaisha, hawakupiga marufuku bunduki. Walimkinga samaki: tangu 1993 ni marufuku kumdunga tewa huyo kwenye pwani yao ya Mediterania. Pia hairuhusiwi kuwinda ukiwa na mtungi wa hewa, sharti utumie pumzi yako. Mchezo ukabaki, samaki akapumua.

Sisi tulifanya kinyume: tulipiga marufuku chombo, na aliyekishika tukamwachia suluhisho lake mwenyewe. Huenda Pwani yetu haikuwa na nafasi ya kufanya kama Ufaransa. Mtu wa likizo akiambiwa asimguse tewa, anarudi hotelini na kula kitu kingine. Anayeuza kilo mbili za pono ili apate unga wa jioni hana hoteli ya kurudi. Ila tofauti hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa mwanzo wa sheria. Marufuku isiyokuja na wavu halali, au mkopo wa mtumbwi, inamwondolea kijana kifaa na kumwachia mahitaji yale yale, na kifaa chenyewe anaweza kukitengeneza upya alasiri moja kwa tyubu kuukuu.

Kwa hivyo bunduki ya kwanza ni ipi? Ukiwa Kenya, hakuna. Nunua miwani nzuri inayokaa usoni bila kuvuja, jifunze kuzama na kutulia, na uende na mwenzako. Ukifika mahali panaporuhusu, kama Afrika Kusini, chukua kibali kwanza, kisha ile ya sentimita 75 hadi 90, mpira mmoja. Na ukisikia kijana amekamatwa Pwani ya Kusini na bunduki ya mti na tyubu, kabla hujamwita mharibifu wa bahari, uliza alikuwa na chaguo gani lingine siku aliyoitengeneza.