Joto litapitia wapi?

Msikilizaji, mvumo wa feni ndani ya kompyuta ya mezani huudhi. Lakini kabla hujaiomba inyamaze, yafaa ukumbuke yaliyoipata kampuni ya Apple huko Marekani.

Mwezi Mei 1980 kampuni hiyo ilitangaza kompyuta iitwayo Apple III, iliyokusudiwa kwa maofisi. Bei yake ilianzia dola 4,340 ikapanda hadi 7,800. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni, hakutaka feni wala matundu ya hewa. Alitaka kimya. Mafundi wakalazimika kutegemea sanduku zito la aluminiamu lifyonze joto na kulitoa nje.

Matokeo yake yanajulikana. Mashine zilipata joto, chipu zikalegea katika vishikio vyake, na kompyuta zikazimika ovyo. Wateja walishauriwa wainyanyue mashine inchi chache kutoka mezani, kisha waiachie ianguke, eti chipu zirudi mahali pake! Mashine za mwanzo zipatazo 14,000 ilibidi zibadilishwe. Wapo walioshiriki kuiunda waliosema kosa kubwa lilikuwa bodi iliyosongamana mno, wala si sanduku. Hata hivyo, jina lilikwisha kuharibika, na mwaka 1984 biashara yake ikafungwa.

Kumbe Agosti 1981 IBM walikuwa wamekwisha kutoa kompyuta yao, yenye feni ndani ya kisanduku cha kugawia umeme. Ilivuma, naam, lakini ilifanya kazi. Maofisi yakainunua.

Ugomvi kati ya kimya na usalama ulikuja kusuluhishwa na nyaya. Feni ya kawaida hutumia umeme wa volti 12 kwa nyaya mbili. Ukipunguza volti, huzunguka polepole. Waya wa tatu ukaongezwa, kuiarifu bodi mwendo wa feni. Miaka ya 2000 ukaja wa nne, wa kuleta amri. Amri hizo huja kwa mapigo yapatayo 25,000 kila sekunde, na urefu wa pigo ndio unaoiambia feni izunguke kwa kasi gani. Kazi ikipungua, feni hunong'ona. Joto likipanda, hukimbia.

Wahenga walinena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kisa hiki mkuu ndiye hakusikia la mafundi, na guu lililovunjika ni la mteja aliyelipa. Basi, msikilizaji, anayekushauri uchomoe feni ili upate utulivu, muulize kwanza: joto litapitia wapi?