Mate Juu ya Puto

Agosti 1952 polio iliielemea hospitali ya Blegdam, Copenhagen. Wagonjwa walikufa kwa kushindwa kupumua, mate yao yakiwapalia. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, akataka binti wa miaka 12 atobolewe koo na kupitishiwa mpira, kisha akamsukumia hewa kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Binti akanusurika. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana kuminya mifuko hiyo usiku na mchana, mpaka baadaye mashine zikawapokea kazi.

Mpira ule uliokoa watu, lakini uliacha mlango wazi. Wewe ukipaliwa unakohoa. Aliyelala kwa dawa, mpira ukiwa kooni, hawezi. Pembeni mwa mpira kuna puto dogo la kuziba njia. Mate hutuama juu yake, kisha hupenya kwenye mikunjo yake tone kwa tone, yakishuka mapafuni na bakteria wake. Hapo nimonia huanza.

Kwanza ilishukiwa mashine, na kwa haki. Mwaka 1965 watafiti wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba vyombo vya kutia hewa unyevu vilirusha bakteria. Usafi ukakazwa, mirija ya mashine ikabadilishwa kila siku, na hapo bidii ikazidi kipimo. Miaka ya 1980, huko Boston, ilionekana kwamba waliobadilishiwa mirija kila baada ya saa 24 waliugua zaidi kuliko wale wa saa 48. Mrija ukigeuzwageuzwa, maji machafu yaliyokusanyika ndani humwagikia mgonjwa.

Bakteria walitoka wapi basi? Jibu lilikuwa limeshatolewa Dallas mwaka 1969, nadhani bila kusikilizwa vya kutosha: mtu akizidiwa, koo lake huvamiwa na bakteria ambao kwa mwenye afya ni nadra. Adui alikaa kinywani.

Mwaka 1999 madaktari wa Barcelona walijaribu jambo ambalo bibi yeyote angelishauri: kumwinua mgonjwa kichwa. Kati ya 47 waliolazwa chali, 16 walidhaniwa kupata nimonia. Kati ya 39 walioinuliwa nyuzi 45, ni 3 tu. Uholanzi ikajaribu nyuzi zizo hizo, matokeo yakachapishwa mwaka 2006: kwa wastani vitanda havikufika hata nyuzi 30. Si uzembe. Mgonjwa huteleza, hugeuzwa, huogeshwa, na kila mara kitanda hushushwa.

Kinywa nacho kilipakwa klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, kwa miaka mingi, hadi takwimu zikaashiria kwamba huenda dawa hiyo inawadhuru baadhi ya wagonjwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 haukuipendekeza tena; mswaki ukabaki. Muuguzi husugua meno na ufizi polepole, akizunguka mpira, na kwa mkono wa pili anayanyonya mate kwa kijirija kabla hayajalifikia puto.